Jibu Lililochelewa Kufika Uriri

Phelesia Adongo alimwona Mirumbe kabla Mirumbe hajamwona, na kwa pumzi mbili tatu akatamani kumwambia Risper ageuze gari warudi Homa Bay.

Mirumbe alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya hoteli ya chai, ng'ambo ya barabara, pale walipozoea kukutana kwa miaka sita. Walipachagua Uriri kwa sababu palikuwa katikati. Phelesia akitoka Homa Bay na Mirumbe akitoka Kegonga kule mpakani na Tanzania, hakuna aliyeweza kulalamika kwamba amesafiri zaidi. Pikipiki ya Mirumbe ilikuwa imejaa vumbi jekundu toka gurudumu hadi kioo, lakini mwenyewe alikuwa amenawa uso na kuvaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi. Alikuwa akitabasamu peke yake, kama mtu anayerudia maneno matamu kichwani asije akayasahau.

"Haki ya Mungu, ana furaha," Risper alisema akizima injini. Risper alikuwa rafiki yake tangu sekondari, na sasa ndiye aliyeendesha kampeni yake. "Phele, nikusindikize?"

"Hapana. Nipe saa moja."

"Mkutano ni saa nane. Baba yako mdogo ameshapiga simu mara tatu anauliza kama umemwambia."

"Nitamwambia."

"Na ukishindwa?"

Phelesia alifungua mlango, akasubiri trekta la miwa lipite, kisha akavuka.

Mirumbe aliinuka mbio mpaka benchi likataka kuanguka. Walipeana mikono tu kama waumini nje ya kanisa, maana watu walikuwa wanatazama, lakini kidole gumba chake kilibaki kwenye kifundo cha mkono wa Phelesia kwa muda mrefu kuliko salamu. Phelesia aliitazama midomo yake, akayatazama macho yake, kisha akaangalia pembeni.

"Kaa," Mirumbe alisema. "Chai yako haina sukari, nimewaambia. Na usiseme kitu kwanza. Nina neno, na nikilishikilia dakika moja zaidi nitapasuka."

"Mirumbe, hata mimi nina..."

"Mimi kwanza. Tafadhali, Adongo."

Adongo. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo tena. Ni jina la pacha anayezaliwa wa pili, na tangu Dorine Apiyo, pacha wake wa kwanza, alipozikwa, watu walikuwa wanaliogopa jina hilo, wakaona heri Phelesia au Champion. Mirumbe peke yake ndiye aliyeendelea kulitamka, taratibu, kama kitu chenye mwenyewe.

"Sema basi," Phelesia alisema.

"Baba amekubali."

Phelesia aliweka kikombe chini. Hakukumbuka alikichukua saa ngapi.

"Umesikia? Mzee Bogonko mwenyewe! Juzi jioni aliwaita baba zangu wakubwa wote wawili. Akasema, pelekeni habari kwa watu wa Homa Bay, tunakuja Jumamosi ijayo. Miaka mitatu ananiambia hawezi kuleta nyumbani mke ambaye hawezi hata kumsalimu mama kwa Kikuria, ambaye mila zake na zetu ni mbali. Miaka mitatu! Na jana ananiuliza kama watu wenu wanakunywa soda ama uji."

"Ni nini kimembadilisha?"

"Mama. Amekuwa akimwomba kila siku toka arudi kutoka hospitali. Amemwambia, mzee, mimi sina muda wa kungoja mwingine. Ule moyo wake unachoka, unajua. Lakini jana, Adongo, ungemwona! Tulimtolea kiti, akakaa mlangoni, akachagua ng'ombe wa mahari mwenyewe kwa kidole. Huyu ndiyo. Huyu hapana. Huyu ana pembe mbaya, watu wa ziwani watatucheka."

Phelesia alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na nyuma yake yakafuata machozi, na Mirumbe, maskini, akadhani ni ya furaha. Alitoa kitambaa mfukoni akampa chini ya meza.

"Lia tu," alisema kwa upole. "Hata mimi nililia. Niliingia zizini nikajifanya natafuta kamba."

Walikuwa wamekutana Migori mjini, kwenye mashindano ya sataranji ya kaunti za Homa Bay na Migori, Phelesia akiwa na miaka kumi na tisa, msichana mwembamba aliyefundishwa mchezo huo na sista mmoja shuleni. Mirumbe alikuwa mwalimu mpya wa hisabati, na ndiye aliyeogopwa ukumbi mzima. Walicheza kwa saa nne nzima. Watu walienda kula wakarudi, wakawakuta wameinamia ubao vilevile. Phelesia alipomfungia mfalme wake, Mirumbe hakukasirika kama wanaume wengine waliokuwa wakishindwa naye. Alikaa akiutazama ubao, akacheka kwa mshangao wa kweli, kisha akamwuliza, "Nani mwingine anajua kama unaweza hivi?"

Hakuna aliyejua. Mirumbe ndiye aliyehakikisha wamejua. Miaka mitatu walikuwa marafiki wa mchezo tu, kisha siku moja hapo Uriri alimshika mkono juu ya meza na hakuna aliyeuondoa. Aliacha kushindana ili amfundishe. Wikendi baada ya wikendi walikuwa kwenye meza hiyohiyo, kete zikiwa zimepangwa katikati ya vikombe vya chai. Phelesia akawa bingwa wa wanawake wa nchi nzima, akarudia, akarudia tena mara ya tatu. Alipanda ndege kwenda kuichezea Kenya ng'ambo na kurudi na picha yake kwenye magazeti. Kila alipocheza humu nchini Mirumbe alikuwepo, amesimama nyuma ya ukumbi, mikono ameifunga kifuani, hasemi kitu.

Kisha Dorine akafa. Uchungu wa kujifungua ulimshika asubuhi kweupe, akapelekwa kwenye zahanati ya kijijini kwao, jengo zuri lililopakwa rangi, na mlango ukakutwa na kufuli. Hakukuwa na muuguzi. Alikata roho kwenye pikipiki kabla ya kufika mjini, na mtoto pamoja naye. Phelesia alitumia jina lake la ubingwa kubisha kila ofisi. Walimpigia makofi, wakapiga naye picha, wakamwambia arudi wiki ijayo. Mwaka mzima. Mpaka wanawake wa kijiji walipomjia, ishirini na zaidi, wakamwambia: ingia wewe mwenyewe. Sisi tutakuchagua uwe mwakilishi wetu wa wadi.

Akaingia. Na hapo ndipo shida nyingine, yake na Mirumbe, ilipoanza.

"Mirumbe," Phelesia alisema sasa, akikunja kile kitambaa vipande vinne. "Hawawezi kuja Jumamosi."

"Una kampeni, najua. Tutasogeza. Hata baada ya wiki mbili."

"Hawawezi kuja kabisa."

Tabasamu halikuondoka mara moja usoni mwa Mirumbe. Lilikaa kidogo bila mwenyewe. "Sijaelewa."

"Juzi wazee wa ukoo walikaa na Baba mdogo Otieno. Mpinzani wangu ana picha zetu, mimi na wewe, hapahapa. Anazunguka nazo sokoni. Anawaambia watu, huyu msichana ni mke wa watu wa Kegonga. Mkimpa kura atazibeba aende nazo kwa mumewe. Na wanamwamini. Kwetu mwanamke akishaolewa anaambiwa akaombe kura kule alikoolewa."

"Basi uombe Kegonga!"

"Kegonga wataniambia mimi ni mtu wa ziwani. Wewe unajua hivyo."

Alijua. Phelesia aliona jinsi alivyojua, kwa namna alivyogeuka kuitazama barabara.

"Otieno amesema nini hasa?" Mirumbe aliuliza.

"Amesema ukoo hautasimama na mimi mpaka neno la Kegonga liishe. Si liahirishwe. Liishe. Na amesema liishe leo, kabla ya mkutano."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Phelesia alizungusha kikombe mezani.

"Nimekuuliza, Adongo. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nitakuja Uriri."

Mama mwenye hoteli alikuja kuuliza kama waongezwe chai. Mirumbe alimshukuru kwa adabu, akamwambia hapana, na mama alipoondoka, sauti ya Mirumbe ilikuwa imeshuka mpaka Phelesia ikabidi aiinamie kuisikia.

"Kwa hivyo nilipokuwa naosha uso pale bombani ili nikuletee habari njema, wewe ulikuwa njiani ukija kuniacha."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Niambie neno zuri lake nilitumie."

"Nilikungoja miaka mitatu!" Sauti ilimponyoka, watu wawili wakageuka. Akaishusha. "Miaka mitatu nilikuwa tayari. Ningekuja Kegonga kwa miguu. Nilijifunza salamu zenu kutoka kwa simu, usiku na mchana kama mtoto wa chekechea. Na baba yako akasema hapana, na wewe ukasema tungoje. Nikangoja. Kila mwezi, tungoje. Kama angekubali mwaka jana, sasa hivi ningekuwa nakamua hao ng'ombe, na huyo mtu na picha zake asingenijua."

"Ni kosa langu basi."

"Si kosa la mtu. Ndiyo maana linaniuma."

Mirumbe alijifuta paji la uso. Alikuwa mtu wa kutafuta njia, hakuwahi kuamini kwamba hesabu yoyote haina jibu, na Phelesia alimwona akianza kutafuta.

"Nihamie kwenu," alisema. "Naomba uhamisho. Nifundishe Homa Bay. Watu wataona ni mimi niliyekuja, si wewe uliyeondoka."

"Mama yako mgonjwa. Ndugu yako alizikwa, umebaki wewe peke yako. Utamwachia nani?"

"Tumchukue mama."

"Atakubali kuacha boma lake? Umeshamwuliza?"

"Basi twende kwa DC tufunge ndoa ya serikali. Kimya kimya, mimi na wewe na Risper. Hakuna wa kujua mpaka uchaguzi upite."

Kwa kweli hilo Phelesia alikuwa ameshaliwaza mwenyewe, kitandani, siku nyingi. Aliliona jinsi lingekuwa: pete kwenye mkoba, simu anayoenda kuipokea nje, mume anayepita mjini kama mgeni.

"Na baada ya uchaguzi?" aliuliza. "Nikishindwa, sawa. Nikishinda? Nikufiche miaka mitano? Halafu watu wagundue kwamba niliwadanganya, wale mama walionipa shilingi zao za nauli na sala zao? Na wewe, Mirumbe. Wewe si mtu wa kufichwa. Wewe ni mtu ambaye nilitaka nitembee naye sokoni saa sita mchana."

"Afadhali kufichwa kuliko kuachwa."

"Leo unasema hivyo."

"Na kesho nitasema hivyo." Alishika mkono wake sasa, mbele ya watu wote, bila kujali. "Jitoe. Naomba mara moja tu, sitarudia. Kuna watu wengine wa kugombea. Muache mwingine aifungue hiyo zahanati. Wewe uje tukae."

Phelesia aliutazama mkono ule. Ulikuwa na alama ya wino kwenye kidole cha kati, kama siku zote.

"Mwaka mmoja nilingoja huyo mwingine," alisema. "Hakuja. Na wiki iliyopita dada mmoja kijijini alijifungulia njiani. Aliishi, yeye na mtoto, kwa bahati tu. Wakanipigia simu mimi, Mirumbe. Hawakumpigia mtu mwingine. Nikijitoa nije kwako, kila mtoto atakayelia huko Kegonga nitamsikia wa Dorine. Nitakuwa mke mbaya. Nitakuchukia bila wewe kunikosea."

Mirumbe aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika mara moja tu, yakatulia. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imerudi mahali pake.

"Nitamwambia nini mama?"

"Sijui."

"Wale ng'ombe amewatengea zizi lao. Anawapelekea majani mwenyewe, na daktari amemkataza kutembea."

"Mirumbe, tafadhali."

"Sikwambii ili nikuumize. Sina mwingine wa kumwambia."

Chai ilipoa ikatanda utando. Ng'ambo Risper alitoka garini, akatazama saa, akawatazama wao, akarudi ndani bila kupiga honi.

"Naomba kitu kimoja," Mirumbe alisema mwishoni. "Sijawahi kukusikia ukihutubia. Nije nikusikie leo. Nitasimama nyuma, nikitoka hapo nakata kona narudi zangu."

Phelesia alitaka kumwambia asije. Ingekuwa rahisi kwa wote.

"Njoo," alisema.

*

Uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa kabla ya saa nane. Ziwa lilikuwa pale chini ya mteremko, limetulia, na upepo wake ulipeperusha turubai ya hema. Baba mdogo Otieno, ndugu wa marehemu baba yake, alimpokea langoni akiwa na fimbo yake na kofia ya sherehe.

"Liliisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Liliisha."

"Asante, nyathina, mwanangu. Mungu akubariki." Na haikuwa sauti ya mtu mbaya. Alimshika bega, akaona macho yake, akaachilia haraka.

Mama yake, Leonida, alikuwa ameketi safu ya mbele. Alimvuta binti yake akae karibu, akamnong'oneza sikioni. "Nimemwona Mwalimu amesimama kule kwenye tangi la maji. Nimemjua kwa urefu."

"Ndiyo, Mama."

"Sikiliza. Kama unafanya hivi kwa ajili yangu, usifanye. Nilishazika mmoja. Sitaki kumwona wa pili akitembea kama naye amezikwa. Bado tunaweza kuinuka sasa hivi tukaenda zetu."

"Na wale?" Phelesia alisema. Upande wa kushoto, chini ya kivuli cha ukuta wa darasa, walikaa wasichana watatu wajawazito, miguu wameinyoosha, wakipepewa na wenzao.

Leonida aliwatazama. Alimrekebishia binti yake ukosi, polepole, mara mbili.

Alipopewa kipaza sauti, kabla hajafika kwenye neno la kwanza, bibi mmoja mwenye leso ya manjano alisimama katikati ya watu. Hakuwa na uchokozi. Alitaka kujua tu.

"Mwanangu," alisema kwa Kidholuo, "mimi nakupenda, na dada yako nilimpenda. Lakini tumesikia mengi sokoni. Tuambie wewe mwenyewe. Una mume? Na kama unaye, yuko wapi?"

Otieno aliitazama fimbo yake. Phelesia aliinua macho juu ya vichwa vyote mpaka kwenye tangi la maji. Alikuwa pale, shati jeupe, kofia ya pikipiki chini ya kwapa, mikono imefungwa kifuani. Hakuelewa Kidholuo. Alikuwa anangoja tu kama alivyongoja siku zote.

"Sina," Phelesia alisema.

Vigelegele vikalipuka. Aliona Mirumbe akiinama kumwuliza mwanamke aliyesimama karibu naye, aliona mwanamke akimfafanulia huku akicheka, akamwona Mirumbe akitikisa kichwa kwa kukubali, polepole, mara kadhaa. Kisha akaweka kofia chini, akaanza kupiga makofi pamoja na watu. Wengine walipoacha, yeye aliendelea kidogo.

Phelesia alihutubia nusu saa. Baadaye wote walisema hawajapata kusikia hotuba kama ile kutoka kwa msichana wao. Yeye mwenyewe hakukumbuka neno. Alipomaliza, kwenye tangi hapakuwa na mtu ila yule mwanamke, akikinga maji.

Agosti alishinda kwa kura mia tisa na kumi na nne, na kabla ya Krismasi zahanati ilikuwa na wauguzi wawili. Mirumbe alioa mwaka uliofuata, msichana wa karibu na kwao, mpole, walisema. Phelesia alimtumia mama yake Mirumbe blanketi mbili nzito kwa jina la Leonida, maana lake lingeleta maswali.

Jumapili moja baada ya kanisa simu ya Leonida iliita, na sauti ya mwanamke mzee, dhaifu, ikatoka kwa Kiswahili cha taratibu. Ilikuwa ya Nyasuguta, mama yake Mirumbe. Hakuwa amewahi kupiga. Alishukuru kwa blanketi, akasema ni za joto, akauliza habari za mvua. Leonida alikuwa ameiweka simu mezani, sauti juu, kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri, na Phelesia aliyekuwa akimenya ndizi alisimamisha kisu.

"Na yule binti yetu," Nyasuguta akauliza, "sasa ana nani wa kumpikia?"

Leonida alimtazama binti yake upande wa pili wa meza. Phelesia alitikisa kichwa, usiseme nipo.

"Ana mimi," Leonida alijibu.

"Asante, dada," sauti ikasema. "Mpikie vizuri."